Maswali ya Mkamburi, Majibu ya Babake

Pale kwetu Bura, ukitaka kuoa, ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, au ng'ombe wako akila mahindi ya padri, ulimtafuta mzee Thadeus. Wewe ulikaa pembeni umeshika kofia, yeye ndiye aliyesema. Alikuwa na koti la kahawia alilolivaa kwa kazi hiyo tu, na akilivaa hata chifu alijiweka vizuri kitini. Mahari zilipungua mbele yake. Kesi zilikwisha watu wakicheka. Hakudai malipo, ila sifa alizipenda kama mtoto anavyopenda sukari, nasi tulimpa bila kupima.

Hiyo haikuwa tabia yake peke yake. Ndiyo desturi tuliyokuwa nayo: kijana hasimami mbele ya wazee akajisemea. Ana baba, ana mjomba, hao ndio mdomo wake. Kijana aliyejisemea tulimwita fidhuli, na akiwa msichana ndiyo kabisa. Mkamburi, kitinda mimba wa Thadeus, alilelewa hivyo na malezi yakamkaa. Ukimsalimia njiani alikujibu huku anatazama vidole vya miguu yake.

Lakini kichwani, lo! Mwaka wa sabini na tano matokeo ya fomu foo yalipotoka, alikuwa na divisheni wani ya pointi kumi. Siku hizo pointi zilihesabiwa kinyume, kadiri zilivyokuwa chache ndivyo ulivyofaulu. Thadeus hakulijua hilo. Mwalimu Fanuel alipomletea habari, mzee alikunja uso akauliza, "Kumi kati ya ngapi?" Ikabidi aelezwe mara mbili kwamba wilaya nzima hakuna aliyezifikia hizo kumi. Hapo alitoka uani akaanza kuita majirani kwa majina, na jua lilipotua tulikuwa tumekwisha kula mbuzi wake.

Wasichana wa kwetu mlimani waliofaulu walikwenda ualimu au uuguzi. Mkamburi alitaka chuo cha biashara, kule Nairobi, na hakutaka kingine. Tangu utotoni alikuwa akimfuata mama yake, Gertrude, kupeleka nyanya na kabeji stesheni ya Voi. Alikuwa ameona namna mama yake alivyopokea bei yoyote aliyoitaja dalali, maana gari moshi likikaribia kuondoka na nyanya zimeanza kulainika, mwenye nyanya hana ujanja. Mkamburi aliyafikiria hayo miaka mingi bila kumwambia mtu. Alimwambia Fanuel peke yake, kwa sababu Fanuel alimuuliza.

Chuo kilichukua wanafunzi wanne kutoka wilaya yetu, na kabla ya kuwachukua kilituma watu wake Voi kuzungumza na walioomba. Ndiyo iliyoitwa intavyu.

"Upande wa maksi umemaliza," Fanuel alimwambia. "Sasa imebaki mdomo."

Akamfundisha kila jioni darasani baada ya wanafunzi kuondoka. Alimfundisha kumtazama mtu mzima usoni, na hilo lilimtoa Mkamburi jasho kuliko hesabu zote alizowahi kufanya. Alimfundisha kujibu bila kungoja swali lirudiwe. Mwisho yale ya nyanya na madalali yalikuwa yakimtoka vizuri, tena kwa Kiingereza, mpaka Fanuel akapiga makofi peke yake darasani.

Siku moja kabla ya safari Fanuel alikwenda kwa Thadeus. "Mzee, ukimsindikiza binti, ishia mlangoni. Wale wanataka kumsikia yeye."

"Watamsikia," Thadeus akasema. "Kupitia kwangu."

"Mzee, mambo ya chuo si kama..."

"Mwalimu, wewe binti yako ulimpeleka lini barazani peke yake?"

Fanuel alikuwa hajaoa, wacha kuzaa. Akamalizia chai yake akaaga.

Kesho yake waliteremka kwa basi la kwanza. Gertrude alikuwa amewafungia kimanga, yaani mihogo na maharagwe aliyoyaponda pamoja usiku, ndani ya jani la mgomba. Thadeus alivaa koti la kahawia juani Voi, pale ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Mkamburi alipomwona anafunga vifungo vyote vitatu alijua baba amekuja kusema yeye, lakini atamkatazaje? Ungemwambia nini baba aliyevaa hivyo kwa ajili yako?

Watu wa chuo walikuwa wamepewa chumba nyuma ya ukumbi wa mikutano. Kwenye benchi la nje walikaa vijana na wazazi wao, wa Taveta, wa Mraru, wa Mwatate, na wengine wa Voi penyewe. Wa Bura walikuwa Thadeus na binti yake tu. Karibu nao alikaa kijana mrefu jina lake Donald, wa kule Chala, ambaye jamaa zake walinunua ndizi na kuziuza huku na ng'ambo ya mpaka wa nchi. Alikuja peke yake. Thadeus hakukawia kumuuliza pointi zake.

"Ishirini na tisa, mzee."

"Pole," Thadeus akasema, na alisema kwa huruma ya kweli. "Usikate tamaa. Huyu wangu ana kumi."

Mkamburi alitamani benchi lipasuke limmeze.

Donald alipoitwa aliingia peke yake, akakaa muda mrefu, akatoka anafuta jasho. Kisha likaitwa jina la Mkamburi, nao wakasimama wawili.

Mkubwa wa wale wageni aliitwa Bwana Mwanzia, mtu wa makamo mwenye miwani, na alikuwa na wenzake wawili. Alipomwona mzee anaingia na kofia mkononi alisita. Lakini na yeye alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Utamfukuzaje mzee wa watu mlangoni? Akamwonyesha kiti. Thadeus akaketi katikati, na Mkamburi akaketi nyuma yake kidogo, pale anapokaa bibi harusi siku ya kujadili mahari.

"Mkamburi," Bwana Mwanzia akasema, "kwa nini unataka kusoma biashara?"

Mkamburi aliinua uso kama alivyofundishwa. Neno la kwanza lilikuwa limefika kwenye meno.

"Huyu mtoto," Thadeus akaanza, "tangu anatambaa, ukimpa mahindi anayapanga mafungu mafungu..."

Akaendelea. Alisema juu ya mafungu ya mahindi, juu ya bibi yake Mkamburi aliyekuwa na mkono wa biashara, juu ya maksi. Bwana Mwanzia alisikiliza kwa adabu, kisha akainama kidogo upande ili amwone msichana aliyefichwa na bega la koti. "Tuseme una kreti za nyanya stesheni, na gari moshi limechelewa mpaka kesho. Utafanya nini, Mkamburi?"

Lo, swali lenyewe hilo! Mkamburi alilijua kama anavyojua njia ya mtoni. Lakini Thadeus naye alikuwa amelala stesheni na nyanya zake mara nyingi, na alilidaka kabla halijatua. Alieleza jinsi ya kuchagua zilizoiva na kuziuza papo hapo kwa wenye hoteli, na jinsi ya kumlaghai dalali kwamba simu imekwisha pigwa, gari moshi liko njiani. Akaigiza sauti ya dalali. Wale wageni watatu wakacheka mpaka mmoja akavua miwani.

Mkamburi alitazama vidole vyake. Aliona haya kwa ile sauti kubwa ya baba yake ndani ya chumba kidogo, na kwa jasho lililokuwa likimtiririka mzee kwenye kola. Kisha akaona haya kwa kumwonea haya baba yake, na hiyo ya pili ilimchoma zaidi. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili alimwazia mzee akigeuka kumtazama, amekatizwa na mtoto wake mbele ya wageni, na akaufunga.

"Binti mwenyewe mbona hasemi?" akauliza mmoja wa wenzake Mwanzia.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Thadeus akajibu, na wakacheka tena.

Mwishowe Bwana Mwanzia alifunga kalamu yake. "Mzee," akasema, "ungekuwa kijana tungekuchukua wewe."

Thadeus alitoka mle ndani amenyooka kama mnazi. Kwenye benchi alimpiga Donald begani. "Tumepita," akamwambia. Mkamburi alikwenda kusimama kwenye jua kali upande wa pili wa ukumbi, mahali pasipokuwa na mtu.

Saa tisa wote waliitwa ukumbini. Bwana Mwanzia alisema hapendi kuwaacha watu wakingoja barua kwa miezi, kwa hiyo atawataja walioingia hapo hapo. Akataja wanne. Wa tatu alikuwa Donald. Mkamburi hakuwamo.

Thadeus aliinuka. Alikuwa ameinuka kwenye mabaraza mengi, na miguu yake ilijua kazi hiyo bila kutumwa. "Bwana Mkubwa, umeruka jina."

"Sikuruka, mzee."

"Binti yangu ana pointi kumi. Kumi! Huyu kijana ana ishirini na tisa, amenitajia mwenyewe kwa mdomo wake." Akawageukia watu kama alivyozoea. "Mimi sikusoma sana, lakini kumi na ishirini na tisa nazijua. Au wenzetu wa Chala walitangulia na mikungu ya ndizi?"

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Donald alisimama, masikio yamemwiva. "Mzee, mimi sikuleta ndizi," akasema. "Nimekuja na nauli tu."

"Baba," Mkamburi akanong'ona. "Baba, keti."

Hakuketi. "Tunataka tuelezwe," akasema. "Mbele ya watu hawa wote, tuelezwe maksi za binti yangu zimekwenda wapi."

Bwana Mwanzia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ilionekana wazi kwamba hakutaka kusema. "Mzee wangu, njoo tuzungumze kando."

"Kando kuna nini? Sema hapa hapa."

"Haya." Akashusha pumzi. "Katika mia, maksi za mtihani tunazipa sabini. Binti yako amepata sitini na sita. Tangu nianze kazi hii sijampa mtu sitini na sita. Zimebaki thelathini za kuzungumza naye. Huyu kijana unayemsema ana arobaini na tano za mtihani, lakini alizungumza vizuri, akapata ishirini na saba. Hiyo ni sabini na mbili."

"Na wangu?"

"Sitini na sita."

"Na za kuzungumza?"

"Mzee, hakuzungumza. Hatukumsikia hata neno moja. Mimi siwezi kumpa mtu maksi kwa maneno ya mwingine." Akaivua tena miwani. "Angepata hata kumi tu angekuwa wa kwanza kwenye orodha. Zote thelathini umezila wewe."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Thadeus alibaki amesimama, mkono mmoja bado umeinuliwa kama wa mtu anayeomba kura, na akausahau pale juu.

"Lakini mlicheka," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sisi wa Bura hatukuwahi kuisikia. "Mlisema mngenichukua."

"Ilikuwa heshima, mzee."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Thadeus ndiye aliyetufundisha wengi wetu msemo huo. Mkono ukashuka. Akatafuta kiti bila kukitazama.

Bwana Mwanzia, na nadhani alifanya hivyo kwa wema, akamgeukia msichana. "Na wewe Mkamburi, kwa nini hukusema? Ungemkatiza tu. Ungesema, baba, acha nijibu mimi."

Ukumbi mzima ukamtazama. Na Mkamburi akamtazama Bwana Mwanzia machoni, akajibu papo hapo, hakungoja swali lirudiwe.

"Kwetu baba ndiye anayewasemea watu," akasema. "Mwenye kesi anamwita yeye, mwenye harusi anamwita yeye. Ningemnyamazisha mbele yenu, angerudi vipi kuwasemea wengine? Niliona heri mimi nikose kuliko yeye aaibike."

Maneno hayo yalikuwa machache na hayakutetereka. Bwana Mwanzia aliitazama tena orodha yake. "Ungeniambia hayo asubuhi," akasema, "ningekupa zote thelathini." Lakini nafasi zilikuwa nne, na wanne walikuwa wamekwisha tajwa mbele ya wazazi wao, mama mmoja wa Mraru alikuwa bado analia kwa furaha. Akamwambia ajaribu mwaka ujao. Akasema hawezi kuahidi, maana mwaka ujao watakuja na wa mwaka ujao.

Thadeus alikuwa ameinama, anatazama sakafu. Sasa alikuwa ameelewa yote. Mtoto alitupa nafasi yake ili yeye asiaibike, na yeye mwenyewe akainuka kitini, kwa hiari yake, akajiaibisha mbele ya watu wa wilaya nzima, akamtukana na kijana wa watu juu yake.  Alivua koti. Ndipo watu walipoona shati lake limelowa mgongo mzima.

Ndani ya basi hawakusemezana mpaka walipopita Mwatate. Mkamburi alikuwa na hasira, na nani angemlaumu? Alikuwa anayarudia moyoni yale majibu yote aliyoyaandaa, la nyanya, la madalali, moja baada ya jingine, nayo yalikuwa mazuri. Kimanga cha mama yake kilikuwa mapajani bado kimefungwa.

"Tukifika," Thadeus akasema ghafla, anatazama dirishani, "nitawaeleza mimi. Nitawaambia kosa ni langu."

Mkamburi alisikia hasira yote ikimtoka mara moja, mpaka machozi yakamlengalenga. "Sawa, Baba," akasema. Akafungua jani, akamkatia kipande kikubwa.

Tulikuwa tumejaa uani kwa Thadeus tukiwangoja. Nani asingengoja? Tulishakula mbuzi. Kina mama walikuwa na vigelegele tayari kwenye ndimi, na chai ilikuwa imechemka mpaka imekuwa nyeusi. Thadeus aliingia akiwa amekunja koti chini ya kwapa, akaketi kwenye kiti chake, na sisi tukanyamaza tumsikilize, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyozoea. Ametoka safari, atatusimulia. Atatuigizia sauti za hao wakubwa wa Nairobi.

"Haya, Baba Mkamburi," Gertrude akasema. "Wamesemaje?"

Thadeus akafungua mdomo. Akatutazama mmoja mmoja, watu aliowaozea watoto, watu aliowaokolea mashamba. Akakohoa. Akasema, "Watu wa chuo..." kisha akaomba maji ya kunywa. Akaletewa maji. Akayanywa yote polepole, na kikombe kilipokwisha alikiweka chini akakitazama. Mkamburi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, anamngoja. Sote tulimngoja.

Alipoona hakuna neno linalokuja, Mkamburi ndiye aliyesema.

"Nimekosa, Mama. Waliniuliza maswali nikababaika. Sikuweza kujibu hata moja."

Ua mzima uliguna. Gertrude alishika kiuno kwa mikono miwili. "Hata moja! Na maksi zote hizo? Na Mwalimu amekufundisha mpaka usiku? Mkamburi, umetutia aibu gani hii? Kichwa kimejaa, mdomo mtupu!" Akaendelea hivyo, na sisi tukaitikia, tukisikitika, tukisema kweli elimu bila ujasiri ni kazi bure. Mimi mwenyewe nilisema, maana ukweli wa Voi niliusikia miaka mingi baadaye. Msichana alisimama akayapokea yote, uso ameuinamisha kama tulivyomlea.

Kisha Gertrude akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa wapi? Mtoto anababaika hivyo, na wewe na mdomo wako huo upo pale pale. Si ungeingia ukamjibia?"

Thadeus hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Nilikuwa nje," akasema. "Hawakuniruhusu kuingia."

Mkamburi akamtazama mara moja tu. Kisha akachukua sufuria, akaenda kumtengea babake maji ya kuoga.